Mkufu wa mahari unaniacha alama nyeusi shingoni. Nimpelekee sonara, au nimuulize mume wangu?

Shikamoo mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 27, naishi Unguja. Niliolewa mwaka jana. Mume wangu anafanya kazi Maskati, na mahari tuliyokubaliana yalikuwa seti ya dhahabu ya karati 21: mkufu, bangili mbili, hereni na pete. Aliniambia alivinunua mwenyewe soko la Matrah, akampa mjomba wake aliyekuwa anarudi nyumbani avilete. Vilifika, tukaozeshwa mbele ya wazee, mambo yakaenda kwa heri.

Tatizo lilianza kwenye harusi ya binamu yangu. Nilijipamba vizuri, poda nikaipaka mpaka shingoni, nikavaa mkufu wangu. Ukumbi ulijaa na joto lilikuwa kali. Kati ya watu, wifi yangu akanipitisha kidole shingoni, akakionyesha kina weusi, akasema, “Dhahabu ya kweli haimchafui mtu.” Wengine wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini usiku ule sikulala.

Tangu siku hiyo kazi yangu ni kujichunguza. Mkufu siku nyingine unaacha weusi, siku nyingine hauachi. Pete inaniachia duara la kijani kidoleni, hasa siku za kufua na siku za kupika, maana mimi nauza sambusa na katlesi hapa nyumbani. Tena pete yenyewe, upande wa kiganja, imetoka baka jeupe kama fedha. Nikaona basi, dhahabu inabanduka na kilichomo ndani kinajitokeza. Niliisugua kwa ndimu, haikubadilika. Bangili hazina neno.

Mama yangu anasema nina jasho kali tangu utotoni. Shangazi anasema dhahabu ikimkataa mtu kuna kijicho kimeingia katika ndoa, anataka nikasomewe. Jirani yangu ndiye aliyenivunja nguvu kabisa: eti mume akianza kutoka nje, pete humbadilikia mke. Mwili wangu sijaubadilishia kitu, mafuta ni yale yale ya kung'arisha ninayochanganyiwa saluni, napaka usiku usoni, shingoni na mikononi.

Nataka nikapime kwa sonara, lakini mji wetu ni mdogo na masonara wanajuana na ukoo wa mume wangu. Akisikia nimeyapima mahari yake ataona nimemdharau. Kumuuliza kwa simu nako naogopa. Tunazungumza usiku tu, amechoka, na chumbani kwake wanakaa watu wengi. Halafu nikiambiwa ni feki, nifanye nini? Nidai mahari upya, nimwambie baba, au ninyamaze? Tunatafuta mtoto, sitaki ugomvi nyumbani.

Mwenye Wasiwasi, Unguja

JIBU

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona umebeba mizigo miwili ukiidhani ni mmoja. Wa kwanza ni wa madini na ngozi: kwa nini shingo imekuwa nyeusi, kidole kijani na pete nyeupe. Wa pili ni wa moyo: je, mume wangu alinipa alichosema amenipa? Wifi yako aliifunga pamoja kwa neno moja pale ukumbini, na tangu hapo kila ukiitazama shingo yako unamwona mumeo. Naomba tuifungue.

Lakini kabla ya yote kuna jambo ulilipitia haraka mwishoni, nalo ndilo lililonishtua kuliko mkufu. Ni yale mafuta ya saluni. Baka jeupe kama fedha juu ya pete ya dhahabu, kwa mtu anayepaka mafuta ya kung'arisha kwa mikono yake kila usiku, linanifanya nifikirie zebaki. Zebaki ikigusana na dhahabu huungana nayo na kuigeuza rangi kuwa nyeupe au kijivu. Ndiyo maana wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya huitumia kukamatia chembe za dhahabu kwenye mchanga. Na zebaki hiyo hiyo imekuwa ikitiwa katika krimu na sabuni za kung'arisha, kwa sababu huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao ni mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka mwaka 2020 uwe kikomo cha kutengeneza na kuuza nje vipodozi vilivyozidi sehemu moja ya zebaki katika milioni, na Tanzania imo katika mkataba huo, lakini madukani bado vinapita. Shirika la Afya Duniani linatoa dalili moja inayokuhusu sana: chombo cha krimu kikiwa na maelezo kwamba isigusane na dhahabu, fedha au vito, huenda mna zebaki ndani. Wewe yako umechanganyiwa, na sidhani kopo lina maandishi yoyote.

Sijaiona pete yako, na baka linaweza kuwa na sababu nyingine. Lakini zebaki hupenya ngozi, huumiza figo na mishipa ya fahamu, na hupita kwa mama mpaka kwa mtoto tumboni. Umeniambia mnatafuta mtoto. Kwa hiyo katika hili sitazunguka: yaache mafuta hayo leo, lifunge kopo vizuri, uende nalo hospitali, umweleze daktari umeyapaka muda gani na kwamba unatafuta ujauzito. Figo hupimwa, na zebaki yenyewe hupimwa kwenye mkojo. Kopo unaweza pia kulipeleka Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Usilitupe ovyo na usilichome moto. Ujue pia kwamba michanganyiko hii mara nyingi huwa na dawa za steroidi, na mtu akiziacha ghafla ngozi huweza kuwaka na kuwasha kwa muda. Ikitokea hivyo usikate tamaa ukayarudia, mwambie daktari akusaidie kupita hapo. Taulo na foronya ulizokuwa ukitumia zifue peke yake. Wala sikulaumu kwa kupenda ngozi ing'are. Aliyekuchanganyia ndiye aliyepaswa kukwambia ametia nini.

Sasa turudi kwenye mkufu.

Dhahabu safi, karati 24, haibadiliki kwa jasho wala kwa maji, lakini ni laini mno, bangili yake ingepinda mkononi. Ndiyo maana huchanganywa na shaba, fedha, zinki na madini mengine. Karati 21 maana yake sehemu 21 katika 24 ni dhahabu, yaani asilimia 87.5, na ndiyo sababu hugongwa muhuri wa 875. Karati 22 hugongwa 916, karati 18 hugongwa 750. Kilichobaki, ambacho kwako ni asilimia 12.5, ndicho chenye kuleta maneno. Fedha ikikutana na salfa hutoa weusi. Shaba ikikutana na chumvi na asidi za jasho hutoa kijani. Dhahabu kadiri karati yake inavyoshuka, ndivyo madini hayo yanavyozidi na alama zinavyokuwa nyingi. Jasho nalo halifanani kati ya mtu na mtu, na hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, kwa hiyo mama yako hakukosea sana.

Hata hivyo weusi wa shingoni usiku wa harusi una mtuhumiwa mwingine ninayemtilia shaka zaidi, naye ni poda. Poda nyingi za uso zina oksaidi ya zinki au ya titani, na chembe zake ni ngumu kuliko dhahabu. Mkufu ukisugua juu ya shingo yenye poda na jasho, chembe hizo huukwangua na kutoa unga mwembamba wa madini. Dhahabu ikisagika hivyo haing'ai tena, kwa jicho huonekana nyeusi. Hili hutokea kwa dhahabu ya kweli, hata ya karati ya juu. Wewe mwenyewe umesema siku nyingine mkufu unaacha weusi na siku nyingine hauachi. Je, siku zenye weusi si ndizo siku za kujipamba? Jaribu hivi: oga, jikaushe, usipake chochote shingoni, vaa mkufu mchana kutwa nyumbani, jioni pitisha pamba nyeupe chini yake. Siku nyingine vaa na poda, ulinganishe. Na weusi wowote utakaopata, tazama kama unatoka kwa maji na sabuni. Wa mkufu utatoka. Usiotoka umo katika ngozi yenyewe, na huo ni wa kumwonyesha daktari pamoja na lile kopo, maana haidrokwinoni inayotiwa kwenye mafuta ya kung'arisha, ikitumiwa muda mrefu, nayo huweza kuitia ngozi weusi wa kibuluu usiosuguliwa ukaondoka.

Kwa hiyo ile kauli ya wifi yako kwamba dhahabu ya kweli haimchafui mtu si kweli, ingawa wengi huisema. Sijui aliisema kwa shari au kwa mzaha uliozidi. Wewe unajua zaidi.

Kijani cha pete sitakuficha: kwangu kina uzito kuliko weusi. Karati 21 haina shaba nyingi, na kuona duara la kijani mara kwa mara si jambo la kawaida kwake. Lakini angalia unayoifanyia pete hiyo. Inafua nawe, na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ina klorini inayoyala madini yaliyochanganywa na dhahabu. Inakata ndimu na vitunguu vya sambusa, kisha sabuni na maji ya chumvi vinabaki chini yake bila hewa. Pia pete iliyowahi kuunganishwa ili itoshe kidole huwa na lehemu, yaani madini ya kuungia, ambayo mara nyingi ni ya karati ya chini kuliko pete yenyewe, na hapo kwenye kiungo ndipo rangi huanza. Ivue pete wakati wa kazi, ioshe kwa maji vuguvugu na sabuni laini, uikaushe. Usiisugue tena kwa ndimu, asidi haiisaidii. Kijani kikiendelea juu ya kidole kikavu kisichogusa chochote, basi una swali la haki la kumuuliza sonara.

Habari ya pete kumbadilikia mke kwa sababu mume anatoka nje, sina la kukupa zaidi ya hili: shaba haijui mumeo analala wapi Maskati. Jirani amekutia jeraha na hana ushahidi. Ya shangazi nitayasema kwa heshima. Kusomewa Kurani ni kheri na kunatuliza moyo, kama unataka nenda. Ila kisomo kisichukue nafasi ya daktari kwa jambo la mafuta, na usiingie humo ukiwa umeshakubali kwamba kuna mtu anakuhusudu, maana ukitoka utaanza kumtafuta.

Tuje kwenye swali ulilonitumia hasa. Unaogopa kwamba kupima ni kudharau. Nataka tulitazame hilo taratibu. Surat An-Nisaa, aya ya nne, inaamrisha wanawake wapewe mahari yao, na mahari yakishatolewa ni mali ya mke. Mtu akiijua mali yake, uzito wake na karati yake, anamkosea nani? Wapo wanaovipima vyombo vyao kila mwaka kwa sababu ya zaka, kwa kuwa kiwango cha dhahabu ni gramu 85, ingawa wanazuoni wametofautiana kuhusu vito vya kuvaliwa. Kupima kunaweza kuwa utunzaji, na kunaweza kuwa upelelezi. Tofauti yake iko katika nia uliyotoka nayo nyumbani, na hiyo unaijua peke yako.

Ukiamua kwenda kwa sonara kimya kimya, faida ni kwamba utapata jibu bila kumsumbua mtu, na likiwa jema umeshapumua. Hatari yake umeitaja mwenyewe: mji mdogo. Habari ikimfikia mumeo kwa mdomo wa mwingine, itafika imeongezwa chumvi. Unaweza kumtafuta sonara asiyewajua, hata ukienda Dar es Salaam kwa shughuli nyingine. Popote utakapokwenda, kwanza tazama muhuri kwa kioo cha kukuzia, kwenye kifungo cha mkufu na ndani ya pete. Muhuri pekee hautoshi, huweza kughushiwa. Vipimwe uzito mbele yako kabla na baada. Sonara wa kawaida husugua chombo kwenye jiwe jeusi, akadondoshea asidi juu ya alama iliyobaki na kutazama kama inafifia. Wengine wana mashine ya mionzi inayosoma madini bila kukwaruza, hiyo ni bora. Kifungo kisiwe ndicho pekee kinachopimwa, kwa kuwa ndani yake mara nyingi mna kispringi cha chuma. Sumaku usiitegemee, shaba nayo haivutwi na sumaku. Na jambo moja usilisahau: mwambie kabla hajaigusa pete kwamba huenda ina zebaki. Kuondoa baka kama hilo huhitaji moto, na moshi wa zebaki unaweza kumdhuru vibaya. Wewe usithubutu kuichoma nyumbani.

Ukiamua kumuuliza mumeo kwanza, hatari ni kwamba atasikia shutuma hata kama hukuitamka, hasa kwa simu, usiku, kati ya watu. Lakini kuna namna ya kuuliza isiyoanzia kwenye shaka. Unalo jambo la kweli la kumwambia: pete imetoka baka, unahofia ni mafuta uliyokuwa unapaka, unakwenda hospitali, na ungependa kuiona stakabadhi ya dukani ili sonara ajue anashika nini. Maduka ya dhahabu huandika uzito na karati kwenye stakabadhi. Hapo hujamdanganya wala hujamshtaki, na mume anayekupenda atauliza afya yako kabla hajauliza pete. Unaweza kumtumia ujumbe mfupi mchana, aupate akiwa peke yake, asilazimike kujibu mbele ya wenzake. Akikosa stakabadhi, hilo nalo si ushahidi. Wengi huzipoteza.

Iko njia ya tatu, kusubiri arudi likizo mkapime pamoja. Ni ya upole, ila kama kurudi kwake ni mbali, je, utaweza kukaa na swali hili bila kumgeuzia uso kwenye simu? Barua yako inanionyesha tayari unachoka.

Na ikiwa si karati 21? Hapo umeruka moja kwa moja kwenye kudanganywa. Kati ya duka la Matrah na shingo yako kuna muuzaji, kuna mume, kuna mjomba, kuna safari. Simshuku yeyote, wala wewe usianze kuwashuku. Nasema tu kwamba mtu anaweza kununua kwa nia safi akauziwa kisichokuwa, na akaumia kuliko wewe akijua. Ndiyo maana ningependa, lolote litakalotokea, yeye awe wa kwanza kulisikia, kabla ya baba yako na kabla ya wifi. Mkishindwana, suala la mahari lina wenyewe: mzee aliyesimamia ndoa yenu, na baadaye ofisi ya Kadhi. Kudai haki yako si ugomvi, na kuisamehe kwa hiari yako nako ni haki yako. Lakini kunyamaza kwa kuogopa ni kitu kingine, na ninahofia ndiko unakoelekea.

Niulize pia, mwanangu, kama jibu likiwa jema, dhahabu ni ya karati 21 kamili, je, moyo wako utatulia? Au kuna jambo jingine, umbali, simu za usiku, mtoto ambaye hajaja, lililokuwepo kabla wifi hajakugusa shingo? Kama lipo, sonara hatakupimia hilo, na huenda ndilo la kuzungumza na mumeo atakapopata dakika ya peke yake.

Ukishatoka hospitali niandikie walivyokwambia kuhusu yale mafuta. Ya pete na mkufu yanaweza kusubiri wiki hiyo.